Shati la Kaka Yangu Bosko

Lundo

Mjukuu wangu Kastori,

Marahaba. Tupo, ila babu yako bado anakohoa na dagaa wameadimika.

Umeniuliza kama nitakasirika ukiandika kwamba ukifia huko ughaibuni uchomwe. Nitakueleza habari ya kaka yangu Bosko. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, alipata kibarua cha kupakia magunia kule Maguu. Lori lilipinduka naye akiwemo, likashika moto. Tuliletewa majivu kidogo kwenye kopo la maziwa.

Kwetu maiti haizikwi bila kuoshwa. Mama akachukua shati la Bosko lililotundikwa mlangoni, akaliosha kwa maji ya vuguvugu, polepole, kola, kifua, mikono, kama anaosha mtu. Alipomaliza akalinusa. Lilinuka sabuni tu.

“Hata kile kilichobaki nimekifua,” alisema, ndipo akaanza kulia.

Tulilizika pamoja na majivu, likiwa bado bichi.

Mimi sijui Mungu anachagua moto au udongo. Mwili ni wako, andika unavyotaka. Ila waambie watuletee na shati moja ambalo hujalifua.

Bibi yako,
Mama Otilia