Mama Mukwe Aliyekaa Ndani ya Esanse

Mama Fanny mupendwa wa hapa redioni, nakuandikia juu ya jambo ambalo kichwa changu kimeshindwa kulibeba peke yake, nakuomba unisaidie. Minye ni Jolie wa Katogota, bwana yangu ni Nyandwi, na tunaishi na mama yake, Mama Libérate, mjane mnyamavu ambaye tangu niolewe sijamsikia hata siku moja akipandisha sauti.

Siku ya soko lori la esanse, yale mafuta ya magari, lilianguka karibu na kwetu, tangi likapasuka, esanse ikatiririka mferejini kuelekea manyumba, na watu badala ya kukimbia wakaja mbio na bidoni na mabeseni kuiteka, wengine na watoto mgongoni, na pale pale barabarani wanawake walikuwa wanakaanga samaki, mbabula zimejaa makaa ya moto. Mama mukwe akamwaga sufuria yetu ya maharagwe juu ya moto wetu, kisha akapita mbabula kwa mbabula akizimwagia maji, wanamutukana, halafu akashuka mferejini na kukaa chini katikati ya ile esanse, kitenge chote kikalowa, akasema kwa sauti ambayo sikuijua: "Anayetaka kuteka apite juu yangu. Na mwenye sigara aanze na minye."

Mama Fanny, watu wote wale wakasimama pale walipofika. Mwanaume mumoja akatoa sigara iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akaivunja mkononi. Wakaanza kurudi nyuma, vijana wakamvuta dereva kupitia kioo akiwa muzima, na mama akatoka wa mwisho, nikamkokota mpaka mtoni nimuogeshe. Sijamaliza, lori likashika moto lenyewe. Moto ulipanda juu kuliko miti yote, joto likatupiga usoni mpaka kule, nyumba mbili zikaungua, lakini hakuna hata muntu mumoja aliyekufa.

Sasa watu wanatoka mpaka Uvira kuja kumuona, wanagusa kitenge chake, wanataka awaombee, na minye mwenyewe siwezi kumuangalia machoni, nikimupa chakula napiga magoti. Yeye haongei. Jikoni hakanyagi. Nikiwasha kiberiti anatoka nje. Nyandwi anasema mama yake amefunga, anaongea na Mungu. Niwaache watu waendelee kuja? Nifanye nini?

Jolie, Katogota

*

Jolie binti yangu, barua yako ilinifanya niweke kalamu chini kwanza. Muntu anayekaa mahali kama pale, akijua kwamba cheche moja inatosha, namuheshimu sana. Nami nimeshangaa kama weye.

Sasa nisikilize, maana nitakugombeza. Mama yako hajafunga. Anaogopa. Siku ile alijua vizuri sana kitu gani kingeweza kumpata, na mwili wake ungali mle mferejini. Weye unamuona akikimbia kiberiti, na bado unapiga magoti? Anayepigiwa magoti ndani ya nyumba yake atamlilia nani?

Funga mlango leo. Waambie wageni mama iko anapumzika. Anayetaka kumheshimu aende akawafundishe watoto wake kwamba lori la esanse likianguka, moto wote unazimwa, watu wanakwenda mbali, kule upepo unakotokea, na bidoni inabaki nyumbani. Mupeleke kituo cha afya wamuangalie ngozi na kifua, na umueleze muuguzi habari ya kiberiti pia, usione haya, ni ugonjwa kama mwingine. Mbabula ipeleke nyuma ya nyumba mpaka siku atakayoisogelea mwenyewe. Na Nyandwi apunguze mahubiri, akae na mama yake.

Halafu, watu wakishaondoka, kaa naye chini mkekani, umuulize: "Mama, uliogopa?" Usimjibie. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, mshike mpaka aache mwenyewe.