Mama Mbombo mu Televizio ya Skotlandi

Glasgow, tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Yaya Florentine, dada yangu mupendwa,

Jambo sana. Uko muzima? Batoto bako bazima? Mi mwili iko na nguvu, magoti tu njo inaanza kulialia. Sijui kama utanikumbuka. Mi ni Calum, mutoto wa mwalimu Rennie wa misheni, ule muzungu mudogo mwenye mama yako alilea mu nyumba yenu ya Dilala, kule Kolwezi, wakati mama yangu alikuwa mugonjwa. Tuliachana mwezi wa tano 1978, siku za vita. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Balitupandisha ndege, hata kwaheri hatukusema.

Anwani nilipewa na binti yako Falonne. Aliona video yangu mu telefone, akaandika chini yake kwa Kiswahili: "Huyu mama tunamujua." Nilisoma ile nikasimama mu jiko na chai mukononi mpaka ikapoa.

Acha nikuelezee maisha mbio-mbio. Nilifika huku na Kingereza ya Biblia, batoto ba shule bakanicheka kila siku. Njo nikaamua bacheke saa yenye mi nataka. Niliuzisha biatu. Nilisema bichekesho mu mabaa yenye batu balikuwa banarusha chupa. Halafu, 2002, televizio ikanipa dakika kumi. Nilifunga kitambala ku kichwa, nikawa mwanamuke muzee anaitwa Jessie, mwenye kulinda mulango ya nyumba ya ghorofa. Polisi akija kumusumbua, anamuacha aseme yote, kisha anamuuliza: "Umemaliza? Anza tena, sikusikia." Yaya, Skotlandi muzima banasema ile neno. Banaiandika ku bikombe. Jessie njo alinijengea nyumba.

Unajua ile neno ni ya nani. Jessie ni mama yako, Mama Mbombo, hivi alisimamaka ku mulango mbele ya ajenti wa nyumba za kampuni. Lakini mu gazeti zote nilisema ni nkambo yangu wa Glasgow, mama ya baba yangu. Nkambo yule hakuchekaka hata siku moja.

Baba aliambiwa kama Mama Mbombo alikufa mu ile vita. Nikajisemea kama mufu hakasirikake. Sasa televizio inatengeneza filme juu ya maisha yangu, na nataka kusema kweli. Naomba ruhusa yako.

Mudogo wako,
Calum


Dilala, Kolwezi, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Calum, mudogo wangu,

Jambo na weye, na pole kwa magoti. Huku tuko bazima, umeme ya bwawa ya Nzilo tu njo inakuja na kukimbia.

Ikaa chini mbele ya kuendelea. Umeikaa? Mama hakukufa. Iko na miaka makumi munane na saba. Hii saa ninaandika, iko inje anagombana na mutu wa moto-taksi mwenye alikanyaga mboga yake na pikipiki.

Wakati wa vita tulikimbilia kwa bandugu ku Nzilo, tukakaa kule miezi ine. Njo pale batu balisema tulikufa. Tuliporudi, nyinyi mulikuwa mulisha kuenda.

Falonne alimuonyesha video yako. Kingereza hasikie hata neno moja. Mara ya kwanza aliangalia mpaka mwisho. Mara ya pili alisogeza telefone karibu na macho. Mara ya tatu akacheka mpaka tukamushika, akasema: "Huyu ni mi. Nani alimupa mi?" Tukamuambia kama ni weye. Akasema mutoto alikumbuka hata namna anafungaka mikono. Alizunguka kwa majirani bote, kwa Mama Fidélie, mpaka kwa pasta, na telefone ya Falonne mukononi.

Aliporudi akaniuliza huyu mwanamuke anaitwa nani. Nikasema Jessie. Kisha akasema: "Mi ninaitwa Mbombo."

Ni ile tu, Calum. Ruhusa anakupa. Lakini sema jina.

Yaya wako,
Florentine


Glasgow, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Yaya,

Sijui nianzie na salamu gani. Jambo kwa Mama. Jambo tena kwa Mama. Nilisoma barua nikatoka inje bila biatu, mu baridi, jirani akafikiri nyumba inaungua. Nikamuambia mama yangu alifufuka. Alinirudisha ndani akanipikia chai, alizani nilikunywa pombe.

Miaka makumi ine na sita, Yaya, na alikuwa pale tu, mu Dilala, anapanda mboga.

Nitasema. Kesho kutwa njo bananirekodi. Nitasema Mbombo, nitasema Dilala, nitasema Kolwezi, polepole, kusudi mutu asikosee. Mumubusie Mama ku mashavu yote mbili.

Mudogo wako,
Calum


Dilala, tarehe 22 mwezi wa sita 2024

Calum,

Jambo. Tuko bazima.

Miezi mitatu hatukupata neno. Juma iliyopita Falonne alipata ile filme. Tulijaa mu nyumba na majirani, bengine basimama ku dirisha. Mama alivaa kikwembe yake ya Pasaka. Falonne alikuwa anageuza kwa Kiswahili.

Ulipofika pa Jessie, ulionyesha picha ya nkambo yako. Kolwezi ilitajwa mara moja tu: kama ulizaliwa huku na kama kuna joto kali. Weye unajua kama Kolwezi hakuna joto vile.

Majirani balitoka moja-moja, bila kuaga. Mi nilitaka kudanganya Mama, niseme Falonne aligeuza mubaya. Akanikatiza. Alisema: "Muache. Aliogopa."

Tangu ile siku hataki telefone ikuje karibu yake.

Florentine


Glasgow, tarehe 15 mwezi wa saba 2024

Yaya Florentine,

Jambo kwako. Jambo kwa Mama pia, kama anakubali kuipokea.

Nilisema jina yake mbele ya kamera, mara tatu. Kisha bakubwa ba filme baliniita. Balisema batu batauliza: kumbe miaka yote hii muzungu alifunga kitambala kusudi acheke mwanamuke mweusi? Balisema ni heri tubakie na nkambo. Ningeweza kukataa. Nilisema ndiyo. Mama alijua muzuri, niliogopa. Kisha nikaona haya, na ile haya njo ilinifunga mukono nisiandike.

Jana balinipa zawadi ya kazi ya maisha, mu teatre kubwa, batu elfu mbili. Televizio ilikuwa inaonyesha palepale, hakuna mutu wa kukata. Nilipanda na kitambala ya Jessie mukononi. Nikabaambia nilibadanganya miaka makumi mbili na mbili. Nikasema: "Jessie si nkambo yangu. Anaitwa Mama Mbombo, wa Dilala, mu Kolwezi, Kongo. Njo alinilea. Kila kitu mulinipendea, niliona kwake."

Yaya, kimya ya batu mi naijua, njo kazi yangu. Ile ya jana sikuijua. Kisha mwanamuke moja muzee, mu mustari ya mbele, akauliza kwa sauti kama iko muzima. Nikajibu iko muzima, na anagombana na ba moto-taksi. Akasimama, akapiga makofi yeye peke. Halafu mustari yake. Halafu teatre yote.

Leo gazeti mbili zinanitukana, na moja kati yao inasema kweli. Baseme. Mi nataka kuja. Mama akinifukuza ku mulango, nitaikaa ku mulango.

Mudogo wako, kama ungali unanikubali,
Calum


Dilala, tarehe 3 mwezi wa munane 2024

Calum, mudogo wangu,

Jambo, jambo sana. Chunga ile magoti, huku utatembea.

Falonne alileta video ya ile siku. Mama alikataa kwanza, kisha akasema tuiweke mbali kidogo na uso yake. Ulipofika ku jina, Falonne akafungua kinywa kugeuza, Mama akamuinulia mukono. Jina yake haikukuwa na lazima ya kugeuzwa. Akasema tu: "Rudisha." Falonne akarudisha mpaka betri ikaisha.

Hakuna mutu atakufukuza. Lakini Mama iko na sharti, na ameniambia niandike vile anasema: "Alinicheza miaka makumi mbili na mbili, na mi sikukuwa pale. Sasa mi nitamucheza yeye, na akuwe pale."

Ni siku ya Mungu, tarehe 25, kisha ibada, mu nyumba ya mikutano ya kanisa. Kila asubui anajifunza mu lupangu, inje ya nyumba. Anavaa kaputula ya marehemu bwana yangu, anajipaka unga mu uso, anakuwa weye wa miaka tisa, ile siku alikutuma kuokota mayai, ukarudi bila shati na jogoo nyuma yako. Anasema Kiswahili yako na pua. Analia kama weye. Calum, nilifundisha shule miaka makumi tatu, niliona teatre mingi ya batoto na ya bakubwa, sijaona mutu anacheza vile. Mama Fidélie alianguka juu ya kucheka, mpaka leo kiuno inamuuma. Batu ba zamu ya mugodi ya Kingamyambo banabadilishana siku kusudi bafike. Pasta alisitasita kidogo juu ya ile unga; akakuja kuangalia mazoezi, na jana alituma mutu kumuwekea kiti.

Weye utaikaa ku benchi ya mbele, katikati, penye kila mutu atakuona. Mi nitakuwa pembeni yako, nitakushika mukono.

Usijibu hii barua. Kuja.

Yaya wako,
Florentine