Ikateni Kamba ya Hadija

Mombasa, Novemba 1997

Mke wangu Mama Hadija,

Salamu zikufikie wewe na wote wa nyumbani Idsowe. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu jana nilipopata barua yako, uliyoandikiwa na jirani yetu Mwanaidi. Ule mguu uliokuwa unakuuma unaendeleaje?

Unasema Hadija amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kuwa ile rimu ya gari wanayoitumia kama kengele ikigongwa, yeye huziba masikio na kukimbilia mtoni. Na kwamba ndugu yangu Buya sasa anamfunga kwenye nguzo ya jikoni mkienda shamba. Simlaumu Buya. Kamba ile niliianza mimi nilipokuja likizo, nikiogopa mamba, na fundo la kufungia mtumbwi nilimfundisha mimi. Nikajiona baba wa maana.

Sasa sikiliza. Hapa kiwandani kuna fundi anaitwa Bakari. King'ora kikilia alikuwa anatupa spana na kukimbia hadi getini. Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Msimamizi mpya akamwita, akamuuliza kinachomsumbua.

"Kinanijia ghafla," Bakari akasema. "Kinaniuma mpaka kwenye meno."

Tangu siku ile Bakari ndiye anayebonyeza king'ora. Hakimbii tena, maana anajua kitalia lini. Na mashine ikitushinda sote, ni yeye anayeitengeneza. Nilimtazama nikaona aibu, kwa sababu binti yangu hana pepo wala ukaidi. Mwombe mwalimu amrudishe darasani, na kile chuma cha kugongea ampe yeye ashike. Mwambie ni baba yake anayeomba.

Lakini hilo lingoje. Asubuhi hii redio imesema maji ya mafuriko yameshapita Garissa. Yakipita Nanighi, kufika kwenu ni siku chache tu, nanyi mtakuwa shamba na mtoto yuko nguzoni. Mabasi yamekwama, barua hii nampa dereva wa lori. Naogopa, mke wangu. Naandika kwa haraka, Mwanaidi anisamehe mwandiko.

Msalimie mama yangu, na mjomba anayelinda mpunga, na Buya pia. Mwambie sina kinyongo naye.

Na wewe Mwanaidi unayesoma, ishia hapa. Nendeni jikoni sasa hivi. Msihangaike na fundo lile, likilowa halifunguki. Kateni kwa panga.

Mumeo,
Jillo