Matumbawe Yako Yaliyopauka

Mjukuu wangu Kulwa,

Sasa hivi mwanangu Limi amelichovya kwenye beseni lile tumbawe kavu uliloliokota ufukweni Mafia ukatuletea, eti linywe maji lipone. Marahaba kwa shikamoo yako, ingawa umri tunalingana na ubibi wangu ni wa ukoo tu. Hapa Mkolani wote wazima.

Unaniuliza, bahari imepata joto tena na matumbawe uliyoyapanda yamepauka, je, uache kazi urudi nyumbani? Mimi nakumbuka siku uliyonizamisha huko, kabla sijaolewa. Nilifungua mdomo kama niko ziwani Nansio, nikameza chumvi, ukanicheka. Niliyaona meupe kama mifupa. Tulipoibuka nikasema yamekufa.

“Bibi, acha kuzika wazima!” ukanijibu. “Joto limeyafukuzia chakula. Maji yakipoa mapema, rangi inarudi.”

Ukazama tena, ukawa unayaondolea mwani kwa mswaki, taratibu, kama unaogesha kichanga. Limi alipougua, mkono wako ule ndio niliokuwa naukumbuka.

Mama mkwe ananiita jikoni, lakini kabla hujafunga begi, zama mara moja tu uyaangalie vizuri, maana mimi naamini bado ni mazima.