Vijiwe Ndani ya Sikio

Jumatano jioni, Voi

Vijiwe! Miezi mitatu ya kizunguzungu nimemeza dawa za presha za dada yangu, nimeacha kulima shamba letu la mlimani Mghange nikiogopa kupepesuka kwenye matuta na kuporomoka hadi bondeni, kumbe ni vijiwe vidogo kuliko mchanga, vimehama mahali pake ndani ya sikio langu.

Binti wa kliniki alinilaza, akageuza kichwa changu polepole, upande huu, kisha ule. Chumba kikazunguka. Halafu kikatulia kabisa. Bila sindano, mikono tu! Bado nashangaa.

"Mama, kizunguzungu hiki huwapata zaidi wanawake wa umri wako," akasema. "Wanaume nao, wengi huanza mapema kupoteza uwezo wa kusikia."

"Anasema nini?" Mwakio akauliza kwa sauti ya juu. Mume wangu, miaka yote hiyo akifanya kazi kando ya kelele za mashine ya kusaga posho, nami nikidhani ananipuuza.

Tulipotoka alinishika mkono kama kawaida, nisianguke. Lori likapiga honi nyuma yetu. Hata hakugeuka. Ni mimi niliyemvuta kando, miguu yangu imara.

Mungu wangu, sikio. Kitu kidogo hivyo.

Sikumwachia mkono hadi nyumbani.