Kichwa cha Kuitikia

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na shemeji. Mimi mzima nusu. Sikio la kushoto limekuwa zito, na picha imeonyesha uvimbe mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Si saratani. Njia ni tatu: kusubiri huku wakiupiga picha kila mwaka, kuuchoma kwa mionzi, au kupasua, na hapo sikio ndiyo basi tena. Mimi nataka kusubiri. Hicho kidogo ninachosikia bado nakihitaji. Tatizo daktari huongea huku anaandika, maneno mengi yananipita. Njoo unisikilizie.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Mimi mzima. Shemeji yako pia mzima, na mkono wake ungali mwepesi wa kunipiga.

Leo ndiyo unaniita? Siku tuliyomzika mama nilitembea nawe bega kwa bega, nikakuuliza kama naweza kuhamia kwako. Ukaitikia kwa kichwa. Nikaja na mabegi, nikakuta chumba umempangisha fundi cherehani, nawe ukanikaribisha chai. Nikarudi kwa mume wangu. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani ni methali tu.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Siku ile ulikuwa kushoto kwangu. Sikusikia hata neno. Kazini, kwenye mashine ya kusaga, tunaongea kwa vichwa. Nisichosikia nakiitikia, yaishe. Mabegi niliyaona, nikajua umekuja kutembea. Ungeuliza tena, dada.

Jana nilienda peke yangu. Daktari kauliza kitu kainamia meza, nikaitikia. Nje muuguzi akasema nimekubali kupasuliwa, nirudi Jumanne ya kwanza ya Aprili kusaini. Nilitaka kukataa. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikaitikia tena. Naogopa.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Anayeomba pa kulala haulizi mara mbili.

Usisaini. Nakuja Jumatatu, siku moja kabla. Safari hii nitakaa kulia kwako, nikurudie kila neno la daktari, na ukiitikia kabla sijamaliza nitakufinya kama zamani. Ukitaka kusubiri, utasema kwa mdomo wako. Nimeelewa kuwa hukusikia, lakini moyo bado haujaelewa.

Chumbani usimhamishe mtu. Mabegi siyaleti.

Dada yako