Nyanya Benta Hakuomba Wimbi

Amolo, nimetoka kikao cha mazishi ya nyanya sasa hivi. Bado nina hasira.

Mjomba Eliakim ndiye aliyeandika wasifu wa kusomwa kesho. Eti mwaka wa 1952 nyanya Benta "alilea watoto kwa kuomba wimbi la uji kwa Wakisii." Kuomba!

Nyanya alipeleka vyungu kuuza sokoni Keumbu, huko kwa Wakisii. Bei ya chungu ilikuwa wimbi la kukijaza. Huyo ni mwombaji?

Nikamwambia mjomba afute. Akanijibu: "Keti, mtoto. Kwani ulikuwepo?"

Mama akainuka. "Mimi nilikuwepo, nimebeba chungu. Wewe Eliakim ulikuwa mgongoni mwa mama, umelala. Mnunuzi asipokijaza hadi mdomoni, mama alimrudishia wimbi lake na kubaki na chungu chake."

Akamnyang'anya kalamu, akafuta, akaandika: mfanyabiashara.